Upepo wa Juni, Dagaa wa Oktoba

Muulize mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, dagaa wanapatikana lini, naye atakujibu kwa mwezi: tusubiri giza, mbalamwezi haijaisha. Anasema kweli. Mwezi ndio unaoamua ni usiku gani wavu uingie majini. Lakini kama chini ya taa patakuwa na samaki au hapana, hilo limeshaamuliwa na upepo uliovuma miezi kadhaa nyuma, tena mara nyingi upande wa pili wa ziwa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, toka Bujumbura hadi Mpulungu nchini Zambia, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kina. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja, kwa sababu oksijeni inaishia karibu mita 100 upande wa kaskazini na mita 200 hivi upande wa kusini. Kila kinachokufa juu huzama na kuozea huko chini, kwa hiyo huko ndiko iliko mbolea ya ziwa. Juu kuna mwanga lakini mbolea ni haba. Chini mbolea imejaa lakini ni giza. Mwani, ambao ndio mwanzo wa chakula chote cha majini, hauwezi kustawi bila vyote viwili.

Upepo ndio unaovikutanisha. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini mashariki hulipiga ziwa kwa urefu wake na kuyasukuma maji ya juu, yenye joto, kwenda kaskazini. Chukua karai la maji lenye mafuta juu yake, upulize upande mmoja: mafuta yatarundikana upande wa pili, na kwako yatabaki maji matupu. Ndivyo maji baridi yenye mbolea yanavyoibuka kusini. Upepo ukitulia, lile rundo la maji ya joto halikai lilipo. Linarudi kusini, kisha kaskazini tena, likiyumba chini kwa chini, na kila mzunguko huchukua wiki tatu hadi nne. Aliye ndani ya mtumbwi haoni kitu. Lakini mbolea inapanda, na ndiyo maana Oktoba na Novemba maji ya kaskazini, ambayo kwa kawaida ni ya bluu na maangavu, huweza kugeuka kijani.

Mwani ukistawi, vidudu wanaoula huongezeka, na dagaa huwafuata vidudu hao. Mchana vidudu hujificha chini. Usiku hupanda, na dagaa hupanda nao. Nyuma yao huja migebuka, ambao ndio wanaowala dagaa. Taa ya mvuvi inawakuta wote safarini. Mbalamwezi ikiwaka, nuru imeenea ziwa zima na taa haina tena cha kuwavutia. Ndiyo sababu ya kukaa nchi kavu siku zile na kushona nyavu.

Kwenye giza, kazi kubwa ni subira. Taa zinawashwa jioni, wavu unashushwa, kisha ni kungoja kwa saa nyingi. Mvuvi mzoefu havuti wavu pale tu anapoona dagaa wanameta. Anazima taa za pembeni moja baada ya nyingine, anaacha moja ya katikati, na anaipunguza nuru yake polepole hadi kundi lote likusanyike juu ya wavu. Akizizima zote kwa mpigo, dagaa hutawanyika na usiku umepotea. Maji ya kijani yanadai jambo jingine: nuru haifiki mbali ndani yake, basi inafaa kungoja zaidi, au kusogea hadi ukingo ambapo kijani kinakutana na bluu.

Mimi naona tatizo kubwa la msimu huu liko nchi kavu. Mavuno mazuri ya Oktoba na Novemba huja pamoja na mvua za kwanza za Kigoma, na dagaa walioanikwa mchangani hulowa na kuoza. Chanja zilizoinuliwa, zenye turubai la kufunikia, zinaokoa shehena kuliko taa mpya yoyote.

Lipo pia la joto. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji ya juu ya ziwa hili yamepata joto na upepo umepungua nguvu, hivyo maji ya chini yanapanda kwa shida zaidi. Ziwa lenye mbolea pungufu halivumilii makokoro yanayozoa watoto wa samaki ufukweni. Tanzania ilipofunga uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kaya nyingi ziliumia, na maumivu hayo yanastahili fidia ya kweli. Lakini miezi iliyochaguliwa ni ile ile ambayo upepo unalilisha ziwa, na kwa hilo nauunga mkono uamuzi huo.

Kwenu wasimamizi wa mialo: kipimajoto kilichofungwa kwenye kamba ya mita 80 hakigharimu sana. Ili mjue maji baridi yenye mbolea yanapanda lini, kishusheni kila wiki, andikeni joto la juu na la chini, upepo uliovuma na rangi ya maji, kando ya kilo za dagaa mnazoandika kila siku.