Ganzi ya Mikono, Siri ya Moyo

Mzee wa miaka 75 aliyepogoa kahawa na kubeba mikungu ya ndizi maisha yake yote akisema mikono inakufa ganzi usiku, nani atashangaa? Machame, Kibosho au Marangu, kihamba, shamba la nyumbani, kiko mteremkoni mwa Kilimanjaro na panga halitulii. Miaka inapita. Miguu inaanza kuvimba, pumzi zinakatika njiani kutoka kanisani, na watoto wanamteremsha Moshi mjini, hospitali ya Mawenzi au KCMC. Faili linaandikwa: presha, moyo umeshindwa kazi. Ganzi haitajwi. Hakuna aliyeiuliza, naye hakuona inahusianaje na moyo.

Mara nyingi daktari aliyeandika hivyo yuko sahihi kabisa. Utafiti wa wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, hukohuko Kilimanjaro, uliowafikia watu zaidi ya 2,000, ulikuta takriban 7 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya wagonjwa 427 wa moyo kushindwa waliofuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 45 moyo wao ulikuwa umeharibiwa na presha. Presha ndiyo mwizi anayejulikana mtaani, na ukiibiwa, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa. Ndiyo maana mwizi mwingine, anayeitwa amiloidosi ya moyo, hupita bila kuguswa.

Ugonjwa huu huanza na protini. Protini ya kawaida ya mwili hukunjika vibaya, ikageuka nyuzi ngumu ambazo mwili hauwezi kuziyeyusha, na nyuzi hizo, ziitwazo amiloidi, hujipenyeza katikati ya misuli ya moyo. Kuta za moyo hunenepa na kukakamaa. Moyo unakuwa kama kiriba cha ngozi kilichokauka: ukikibana kinatoa maji, lakini hakitanuki tena kupokea mengine. Damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa, miguu inavimba.

Aina mbili ndizo hasa hushika moyo. Ya kwanza hutoka kwenye uboho wa mifupa, ambako seli zilizoasi humwaga vipande vya kingamwili. Hii ni ya dharura, maana moyo ukishaathirika, bila tiba mgonjwa anaweza kubakiwa na miezi tu. Ya pili hutokana na transthairetini, protini inayotengenezwa na ini, na huenda polepole. Huwapata hasa wanaume wazee, au watu waliorithi kasoro ya jeni. Kasoro moja ya namna hiyo hubebwa na asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi, na chimbuko lake limefuatiliwa hadi Afrika Magharibi.

Sasa turudi kwenye mikono, kwa sababu huko ndiko ugonjwa wa transthairetini unakojitangaza mapema. Nyuzi zilezile hujikusanya kwenye kifundo cha mkono na kubana neva inayopita hapo. Ganzi huja mikono yote miwili, mara nyingi miaka 5 hadi 10 kabla ya moyo kulalamika. Miaka kumi! Swali moja tu, "Babu, mikono inakufa ganzi usiku?", lingeweza kufungua mlango ambao mashine itaufungua kwa kuchelewa. Daktari makini pia humwomba mzee akunje mkono. Kano ya juu ya msuli wa mbele wa mkono ikiwa imekatika yenyewe, msuli hukusanyika chini karibu na kiwiko kama tufe. Wengine huumwa mgongo kwa sababu njia ya uti wa mgongo imebanwa.

Kisha kuna habari njema iliyo mbaya. Mzee aliyemeza vidonge vya presha miaka mingi anasema sasa presha imeshuka na dawa zinamlegeza. Familia inashukuru Mungu. Lakini presha inayopona yenyewe huku miguu ikivimba inastahili kuulizwa maswali, na kinachotakiwa ni kipimo kilekile cha mkononi: apimwe amelala, kisha asimame, apimwe tena ndani ya dakika tatu. Ikiporomoka kwa kiasi kikubwa na kichwa kikazunguka, huenda neva zinazoshikilia presha nazo zimevamiwa. Vidonge asiviache kwa uamuzi wake. Hilo ni la daktari.

Aina ya uboho ina alama zake za usoni: ulimi ulionenepa hadi meno yakaacha alama pembeni mwake, na michubuko ya zambarau kuzunguka macho bila mtu kujigonga. Ni wachache wanaokuwa nazo, ila ukiziona usizisahau. Na kwa aina zote, mgonjwa akiketi nusu wima, mshipa wa shingo huonekana umejaa.

Baada ya macho na vidole, mashine mbili huulizwa pamoja. Moyo ulionenepeshwa na presha kwa kawaida huandika mawimbi makubwa kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Wenye amiloidi unaweza kuonekana mnene kwenye eko, picha ya mawimbi ya sauti, kuta zikiwa na unene wa milimita 12 au zaidi, lakini mawimbi yake ni madogo, kwa kuwa kilichoongezeka si msuli. Mawimbi ya kawaida hayamwondolei mtu shaka, lakini vipimo viwili vinavyopingana hivi ni ushahidi mzito. Wala mashine ya umeme wa moyo si ya hospitali kubwa pekee. Wale watafiti wa Hai waliibeba hadi vijijini.

Uthibitisho hutaka damu na mkojo kutafuta vipande vya kingamwili vya zile seli zilizoasi, kisha picha ya nyuklia au kipande cha nyama kinachotiwa rangi iitwayo Nyekundu ya Kongo, ambapo amiloidi hung'aa kijani chini ya hadubini maalumu. Kwa aina ya transthairetini, dawa ya tafamidisi iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 na kuanza kuuzwa kwa dola 225,000 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa kahawa hatazishika maishani. Hata hivyo jina sahihi la ugonjwa lina faida leo: aina ya uboho hutibiwa kwa dawa za saratani, na baadhi ya dawa za kawaida za moyo, kama verapamili, zinaweza kumdhuru mgonjwa huyu, hivyo daktari huziepuka.

Kwa hiyo barua ya rufaa kutoka zahanati ya mlimani inaweza kubeba mistari minne isiyogharimu kitu: ganzi mikono yote miwili tangu lini, presha amelala na amesimama, dawa alizokuwa akitumia na lini zilianza kumlegeza, na ulimi na macho yakoje.