Mweka Hazina wa Kikoba Anapoomba Kusoma MBA

Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaoomba kusoma MBA ng'ambo hukwama kwenye kipengele cha kazi za kujitolea. Hukimbilia kutaja siku waliyopeleka mchele na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima, wakapiga picha wakaondoka. Kumbe mwombaji huyohuyo ndiye mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwao, na hilo haliandiki. Analiona ni jambo la kina mama tu.

Hapo anajinyima haki yake. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ili lisifunguliwe mpaka kikao kikae. Hisa huhesabiwa mbele ya wote, mchelewaji hulipa faini papo hapo, na mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ajili ya misiba na maradhi. Mweka hazina hujua nani ameanza kusuasua kurejesha mkopo, na namna ya kumwendea bila kumvunjia heshima. Siku ya kuvunja kikoba na kugawana fedha, kila mwanachama anataka chake kamili. Mtu aliyeyabeba hayo hana haja ya kutafuta mfano mwingine wa uongozi.

Na vyuo vinauliza hayohayo. Shule ya biashara ya Stanford, California, kwa miaka mingi imewauliza waombaji ni jambo gani wanalolithamini kuliko yote, na kwa nini. Huwapa pia nafasi ya kueleza manufaa waliyoyaleta, yawe ya kazini au ya nje ya kazi.

Malengo nayo yachipuke humohumo kwenye kikoba. "Nataka kuleta mabadiliko Afrika" ni sentensi ya kila mtu. Lakini anayeandika kwamba anataka kubuni mikopo kwa wauza samaki ambao benki huwakataa kwa kukosa dhamana, na kwamba ataanzia kwenye kitengo cha mikopo midogo cha benki ili ajifunze kupima hatari, huyo anaeleweka anakotoka na anakokwenda. Stanford ina ufadhili wa MBA kwa raia wa nchi za Afrika unaomtaka mhitimu arudi kufanya kazi barani kwa miaka miwili au zaidi. Hapo lengo ni ahadi atakayodaiwa.

Basi kabla ya kuandika, fungua daftari la kikoba: wanachama wangapi, mikopo kiasi gani, mingapi haikurudi. Usiongeze chumvi, maana anayekuandikia barua ya mapendekezo anaweza kuulizwa. Majina ya wadaiwa yaache humo daftarini. Na kama kuna mwaka fedha zilipungua, ueleze mwaka huo kwa kirefu, pamoja na kanuni mliyoibadilisha kikao kilichofuata.