Gari la Dizeli Lililotumika: Lichunguze Kabla ya Kulipa

Tuseme pamba imeuzwa. Kikundi chenu kimeweka akiba kwa misimu mitatu. Sasa mnataka gari dogo la kupeleka mazao sokoni na wagonjwa hospitali. Gari jipya ni ghali, basi mnatafuta lililotumika. Muuzaji anawaambia, "Chukueni hili la dizeli. Halili mafuta." Je, mlipe?

Msilipe bado. Ni kweli, gari la dizeli hutumia mafuta kidogo kuliko la petroli lenye nguvu kama hiyo. Lakini injini yake ikichoka, kuitengeneza ni ghali. Akiba yote inaweza kuishia gereji.

Injini ya dizeli hufanyaje kazi?

Jina dizeli limetokana na Mjerumani Rudolf Diesel, aliyebuni injini hii. Mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa katika mji wa Augsburg, ikafaulu.

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa mpaka inapata moto mkali, zaidi ya nyuzi 500. Ukijaza upepo baiskeli yako, si unaona pampu inapata moto? Ndivyo hivyo. Kisha nozeli hunyunyiza dizeli katika hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini isiyobana hewa vizuri haiwaki vizuri.

Siku ya kununua

1. Nendeni asubuhi, pamoja na fundi wa dizeli mnayemwamini. Gusa injini. Ikiwa ina moto, kumbe imekwisha kuwashwa. Ngojeni ipoe. Injini iliyochoka huwaka upesi ikiwa na moto, lakini ikiwa baridi huonyesha ugonjwa wake.

2. Injini ikiwa bado baridi, fungueni kifuniko cha rejeta. Ikiwa na moto usifungue, utaungua. Kama maji yana mafuta juu yake, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, basi maji na oili vinakutana ndani. Liacheni gari hilo.

3. Washeni, mtazame moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi si ajabu. Ukiendelea hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani au dizeli haiungui vizuri. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi mwingi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: labda chujio la hewa limeziba, au nozeli ni mbovu.

4. Injini ikiwa inanguruma, fundi afungue kifuniko cha oili. Moshi ukifoka kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha.

5. Someni kadi ya gari. Namba ya chesisi na namba ya injini ziwe sawa na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Andikeni mkataba mbele ya mashahidi. Hapa Tanzania, umiliki huhamishwa kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Msikubali kubaki na kadi yenye jina la mtu mwingine.

Gari likifika kijijini

Adui mkubwa wa dizeli ni uchafu na maji. Pampu na nozeli zina nafasi nyembamba sana ndani yake, hata mchanga kidogo huzila. Usinunue dizeli ya madumu usiyoijua. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Chujio nyingi zina skrubu chini yake. Ilegeze, maji yatoke, kisha uikaze.

Usichanganye dizeli na petroli wala mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Kama petroli imetiwa kwa makosa, usiwashe gari hata kidogo. Tangi limwagwe kwanza.

Pimeni oili na maji kila asubuhi. Oili ya dizeli hugeuka nyeusi upesi, msishtuke. La muhimu ni kuibadilisha kwa wakati pamoja na chujio lake. Kwa magari mengi ya zamani ni kila kilometa 5,000. Barabara zetu zina vumbi, kwa hiyo chujio la hewa litazamwe mara kwa mara.

Muulizeni fundi kama injini ina mkanda wa taimingi. Kama hamjui ulibadilishwa lini, badilisheni mara moja. Ukikatika njiani, pistoni na valvu hugongana na injini huvunjika.

Mwisho, wekeni daftari la gari. Kila mara andikeni tarehe, kilometa, kilichobadilishwa na bei yake. Msitegemee kichwa cha dereva. Dereva anaweza kuondoka, lakini daftari linabaki. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Kitunze kikutunze.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tuchunguze injini ikiwa baridi?
2. Moshi wa buluu unatuambia nini?
3. Katika kikundi chenu, nani atatunza daftari la gari?