Daily News: Kutoka Kampuni ya Kigeni hadi Mali ya Umma

Magazeti ya Daily News, Sunday News na HabariLeo huchapishwa na Tanzania Standard (Newspapers) Limited (TSN), kampuni inayomilikiwa na Serikali kwa asilimia 100. Umiliki huo umepitia hatua kadhaa ambazo mwananchi anapaswa kuzifahamu.

Historia ya kampuni hiyo inaanzia mwaka 1930, lilipoanzishwa jijini Dar es Salaam gazeti la Tanganyika Standard. Gazeti hilo la Kiingereza lilimilikiwa na wachapishaji wa East African Standard wa Nairobi, na lililenga zaidi walowezi, maofisa wa kikoloni na wafanyabiashara. Baadaye umiliki ukaingia mikononi mwa kampuni ya Uingereza ya Lonrho. Hivyo, miaka kadhaa baada ya Uhuru, na hata baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kutaifisha mabenki, gazeti kubwa la kila siku nchini lilibaki mali ya wageni.

Tarehe 5 Februari, 1970, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kulitaifisha. Rais akawa Mhariri Mkuu, na Frene Ginwala, mzaliwa wa Afrika Kusini, akakabidhiwa uendeshaji wa chumba cha habari. Mwalimu alieleza kuwa gazeti litaunga mkono sera za Taifa, lakini litakuwa na uhuru wa kukosoa utekelezaji wake.

Mipaka ya uhuru huo ilipimwa mapema. Mwaka 1971 Ginwala aliondolewa baada ya gazeti kuchapisha tahariri iliyoishutumu Serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti. Aprili 1972, gazeti hilo liliunganishwa na The Nationalist, lililokuwa la TANU, na Daily News likazaliwa chini ya uhariri wa Benjamin Mkapa, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Awamu ya Tatu.

HabariLeo, la Kiswahili, lilianzishwa mwaka 2006. Gazeti hili lisichanganywe na Uhuru, ambalo ni mali ya Chama Cha Mapinduzi.

Kwa kuwa mwenye mali ni umma, wajibu wa magazeti haya una pande mbili: kufikisha taarifa za Serikali kwa wananchi kwa usahihi, na kufikisha hoja za wananchi, zikiwamo za ukosoaji, kwa Serikali.