«Weka 125»: 125 ya nini?

Wandugu wakulima, katika kooperative nyingi moteri ya mazutu njo inasaga mahindi na mihogo yetu, njo inavuta maji ya bustani wakati wa kiangazi. Siku inaanza kutoa moshi mweusi ao kukataa kuwaka asubuhi, fundi anatoa injekteri na kuipima. Ni vizuri. Lakini tunapotembelea vikundi tunaona shida moja inarudi: namba inajulikana, kipimo chake hapana. Fundi anaambiwa «weka 125», na hakuna mwenye kuuliza: 125 ya nini?

Kazi ya injekteri

Ndani ya injekteri muko sindano na resori. Pompi inasukuma mazutu. Msukumo ukishinda nguvu ya resori, sindano inainuka na mazutu inatoka sawa ukungu. Ule msukumo wa kufungua njo fundi anarekebisha, kwa kuzungusha visi ao kwa kubadilisha rondele ya resori.

Ukiwa chini sana, mazutu inatoka kwa matone makubwa na haiungui yote. Moshi unakuwa mweusi, mazutu inaisha mbio, na pistoni inaweza kuharibika. Ukiwa juu sana, mazutu inachelewa kuingia, moteri inakuwa nguvu kuwasha, na pompi inachoka mbele ya wakati.

Vipimo vinne, kitu kimoja

Manometri nyingi ziko na bar. Vitabu vya moteri za China vinaandika MPa, na vya zamani kg/cm². Vitabu vya Kiingereza vinapenda psi. Vyote vinapima msukumo, sawa vile mahindi yale yale tunaweza kuyahesabu kwa kilo ao kwa tani. Mushike hizi tatu:

– MPa 1 = bar 10
– bar 1 = psi 14,5
– kg/cm² 1 = bar 0,98 (karibu sawa na bar 1)

Mfano wa kwanza. Kitabu kinasema MPa 12,5, manometri iko ya bar. Tunazidisha kwa 10: ni bar 125. Kama manometri iko ya psi tu, tunazidisha tena: 125 × 14,5 = psi 1 812. Ile ile 125, mutu akiisoma kwenye mstari wa psi, haifike hata bar 9!

Mfano wa pili. Kitabu kinasema psi 2 500, manometri iko ya bar. Tunagawanya: 2 500 ÷ 14,5 = bar 172. Mwenye kukata sifuri moja tu ataweka bar 250, karibu bar 80 zaidi.

Kati ya bar na kg/cm² tofauti ni ndogo: bar 125 ni kg/cm² 127,5. Muangalie pia alama ± katika kitabu. Inaonyesha tofauti yenye kuruhusiwa.

Kazi ya komite

Kuuliza fundi si kumuzarau. Mazutu inanunuliwa na feza za wanamemba wote, na fundi muzuri anafurahi kuulizwa. Mbele ya kufungua injekteri:

1. Mutafute namba katika kitabu cha moteri yenyewe, si ya jirani. Moteri mbili zenye kufanana zinaweza kuwa na namba mbalimbali.
2. Muandike namba pamoja na kipimo chake.
3. Muangalie uso wa manometri. Kama iko na mistari miwili, mujue ni upi wa bar na upi wa psi.
4. Mufanye hesabu kwa karatasi, watu wawili, kila mutu peke yake, halafu mulinganishe.
5. Muandike katika kaye ya moteri: tarehe, msukumo uliokutwa, msukumo uliowekwa.

Angalisho: wakati wa kupima, hakuna mutu kuweka mukono mbele ya injekteri. Ule ukungu unatoboa ngozi na kuingia ndani ya mwili. Hata kama kidonda kinaonekana kidogo, apelekwe hospitali mara moja, asingoje maumivu.

Na kama moshi unaendelea kisha injekteri kuwekwa sawa, musirudie kuzungusha visi. Muangalie kwanza filtri ya hewa, filtri ya mazutu, na maji ndani ya tanki.