Kishikwambi kwa Shule ya Nyumbani: Uliza Kabla ya Kuchanga

Ikiwa wewe ni mwenyeji wa Rungwe unayefanya kazi Mbeya au Dar es Salaam, huenda umekwisha kuombwa mchango wa kuinunulia shule ya kijijini kwenu vishikwambi. Ombi kama hilo ni vigumu kulikataa. Lakini fedha hizo zingeweza pia kununua madawati na vitabu. Basi huna budi kukikagua chombo kama unavyokagua mkungu wa ndizi sokoni Tukuyu.

Hapa nchini vyombo hivi vilijaribiwa mkoani Tanga kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 wa vijiji vya mbali walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili. Kabla ya hapo, zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Ni mafanikio makubwa, kwani wengi wao hawakuwahi kuingia darasani. Lakini hesabu hiyo hiyo yasema kwamba watoto zaidi ya 40 katika kila 100 walibaki hawajui kusoma. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kuwa watoto walijifunza, muulize: wangapi, na nani aliyewatahini? Tena watoto wa Rungwe wanaye mwalimu. Je, chombo hiki kitampunguzia mzigo au kitamwongezea?

Kisha fikiri juu ya hali ya hewa. Vishikwambi vya Tanga vilipata nguvu kutokana na jua. Aijuaye Tukuyu ya mwezi wa nne, yenye ukungu asubuhi na mvua mchana, hana haja ya kuelezwa zaidi. Na mvua ile inapopiga bati, hata sauti ya mwalimu humezwa, sembuse ya kidude kilicho mezani! Mtoto wa darasa la kwanza aliyezoea Kinyakyusa nyumbani atakosa maneno ya Kiswahili anayohitaji kuyasikia barabara. Ulizia basi visikilizio vya masikioni, na bei yake.

Usikubali pia kulipia kilicho bure. Programu za washindani watano wa mwisho wa shindano lile zilitolewa wazi kwa yeyote kuzitumia, nayo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake.

Mwombe muuzaji aazime vichache kwa muhula mmoja. Mkondo mmoja uvitumie, wa pili uendelee na vitabu. Mwalimu awasomeshe watoto wote hadithi ile ile mwanzoni na mwishoni, ahesabu maneno wanayoyasoma sawasawa. Walimu wa serikali waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022. Ukienda nyumbani likizo, waulize hao vingapi vingali vinawaka.