Je, Wajua Kinachojaza Barua Pepe Yako?

Onyo likitokea kwamba nafasi imekwisha, wengi hukimbilia kufuta barua: matangazo ya maduka, taarifa za benki, salamu za miaka ile. Zinafutwa mia, mia mbili, na kipimo hakisogei. Barua ya maneno matupu, pamoja na anwani na kumbukumbu zote za safari yake, mara nyingi ni kilobaiti 10 hivi. Faili moja la megabaiti 10 linakula nafasi ya barua kama hizo 1,000. Mlaji ni kiambatisho, na inafaa tumjue.

Kiambatisho cha namna tunayoitumia leo kilianzia Marekani. Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein, mmoja wa wabunifu wa utaratibu uitwao MIME, alituma barua iliyobeba picha na sauti ya kundi la waimbaji wanne, naye akiwa mmoja wao. Kikwazo alichokivuka kilikuwa kikubwa. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizowekwa mwaka 1982 zilitambua alama 128 tu, zikiwemo herufi za Kiingereza na tarakimu. Picha haina herufi, ingepitaje?

Jibu la MIME linanistaajabisha hadi leo. Faili hugawanywa baiti tatu tatu, na kila tatu huandikwa upya kwa alama nne, zinazochaguliwa kati ya 64: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, alama ya kujumlisha na mkwaju. Fungua barua yenye picha ya JPEG katika umbo lake ghafi, utakuta kurasa kwa kurasa za herufi zisizosomeka, na mwanzo wake ni /9j/. PDF huanza na JVBERi0. Iwe cheti cha kuzaliwa au risiti ya umeme, mwanzo ni huohuo, kwa kuwa kila aina ya faili ina baiti zake za kujitambulisha. Gharama ya ufundi huu ni ongezeko la theluthi moja: picha ya megabaiti 9 husafiri ikiwa na megabaiti 12.

Kisha kiambatisho huzaana. Ukimpelekea mwenzako barua uliyopokea, nakala moja inabaki ilipokuwa, nyingine inakaa kwenye zilizotumwa. Hata nembo ya ofisi chini ya jina la mtu huweza kurudi upya katika kila jibu.

Gmail ilipoanza, tarehe 1 Aprili 2004, ilitoa gigabaiti 1 wakati Hotmail ikitoa megabaiti 2, na watu wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Leo ni gigabaiti 15 za bure, lakini tangu 2013 barua zinagawana nafasi hiyo na picha na mafaili ya Drive. Na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua: kuanzia mwishoni mwa 2023, nakala rudufu za WhatsApp kwenye simu za Android, ambazo awali hazikuhesabiwa, zilianza kuhesabiwa humo. Video za kitchen party na za kikao cha harusi zinaweza kujaza nafasi mpaka barua ya kumwita kijana kwenye usaili ikarudishwa kwa aliyeituma.

Kwa hiyo anza na wakubwa. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Gmail andika larger:10M, nazo barua nzito zitajitokeza. Ukiongeza older_than:2y utapata zilizopita miaka miwili. Cheti, mkataba na hati ya kiwanja vipakue kwanza uvihifadhi kwingine. Halafu futa, na usiache pipa la takataka likiwa limejaa, maana kilichomo huendelea kuhesabiwa hadi siku 30 zipite au ulimwage mwenyewe. Kwenye WhatsApp, fungua mipangilio ya nakala rudufu uondoe video.